Jack McVitie, mtu wa pama asiye na kaburi

Habari za magenge ya London ya miaka ya 1960 huwa ni habari za mapacha Ronnie na Reggie Kray, pamoja na suti zao na picha walizopiga na watu mashuhuri. Mimi kila nikizisoma fikra zangu humrudia Jack McVitie, ambaye hakuwa mtu mwema, lakini alikufa kifo ambacho bado sijaweza kukizoea.

Alizaliwa mwaka 1932. Kwa kuwa alikuwa na upara, hakupenda kuivua pama yake mbele za watu, na ndiyo sababu wenzake wakamwita Jack the Hat, yaani Jack wa kofia. Alikuwa mlevi, mtumiaji wa dawa za kulevya, na mtu wa kukodiwa kwa kazi za kuumiza wengine. Mwaka 1967 Ronnie alimpa pauni 500 za kutangulia amuue Leslie Payne, mshirika wao wa zamani wa biashara, kwa hofu kwamba angewafichua kwa polisi. McVitie alifika hadi mlangoni, mke wa Payne akamwambia kuwa mumewe hayupo, naye akaondoka zake. Fedha hakuzirudisha. Katika yote ninayoyajua juu yake, huko kuondoka mlangoni ndiko pekee kunakonipa faraja, maana Payne alibaki hai na baadaye akawaeleza polisi mengi.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, ndugu wawili, Chris na Tony Lambrianou, walimpeleka kwenye nyumba moja ya Evering Road, Stoke Newington, akiamini kwamba anakwenda kwenye karamu. Reggie alimwelekezea bastola kichwani, akafyatua, ikagoma. Hapo ndipo ninapokwama kila mara, kwa sababu silaha ilipokataa, Reggie alikuwa bado na nafasi ya kuacha. Badala yake alichukua kisu akamchoma usoni, kifuani na shingoni mpaka akafa, huku nduguye akimhimiza.

Machi 1969, katika mahakama ya Old Bailey, Jaji Melford Stevenson aliwahukumu mapacha hao kifungo cha maisha, akipendekeza wasitoke kabla ya miaka 30. Freddie Foreman, mshirika wao wa kihalifu, alifungwa kwa kusaidia kuuficha mwili wa McVitie, na miaka mingi baadaye alisema kwamba ulitoswa baharini. Haujapatikana hadi leo.

Ronnie alipokufa mwaka 1995, jeneza lake lilivutwa na farasi weusi huku maelfu ya watu wakiwa wamejipanga barabarani. Reggie alimfuata mwaka 2000, akazikwa kando yake huko Chingford, ambako hadi sasa watu huenda kuwatazama na kuwawekea maua. Waliompenda McVitie hawakupata hata mahali pa kwenda kusimama.