Stendi za dagaa na plaiwudi iliyoitwa mili sita

Mwishoni mwa mwezi wa saba hapa Mwanza, ukiwa na kazi yoyote ya mabango, vibanda au stendi, hulali. Maonesho ya Nane Nane yanakaribia kufunguliwa kule Nyamhongolo na kila mtu anakumbuka dakika za mwisho kwamba bidhaa zake zinataka pa kukaa. Mwaka mmoja alikuja mama mmoja wa Igombe anayesindika dagaa, anawakausha safi kabisa bila mchanga, anawapaki kwenye vifuko vinavyosimama vyenyewe, akataka stendi za shelfu tatu, ila sharti lake zisiwe na msumari wala skrubu wala gundi, jioni azifungue zilale bapa kwenye toyo, ile pikipiki ya mizigo ya miguu mitatu, arudi nazo nyumbani, asubuhi azifunge tena mwenyewe bila kumsubiri fundi.

Karakana yetu ilikua Kirumba. Mimi ndo nilikua wa mashine ya leza, kulikua na dada mmoja mchoraji, kazi yake kompyuta tu, na mzee mmoja fundi seremala ambaye alikua haiamini leza hata kidogo lakini alikua anapenda kuiangalia ikikata.

Mchoro wa yule dada ulikua mzuri. Shelfu ina ulimi kila upande, ulimi unapenya tundu la ubao wa pembeni unatokeza kwa nje, halafu kwenye ule ulimi kuna kijitundu cha kupitisha kabari, ukiigonga kabari inavuta ubao unabana. Plaiwudi za kwanza dukani tuliuziwa mili sita, tukazipima unene kwa venia, kile kipimo cha kubana, zikasoma 5.3. Hilo halikutushtua. Plaiwudi ni tabaka zinagandishwa kwa gundi, zinabanwa kwa joto, mwishoni zinapigwa msasa, afu kila kiwanda kina unene wake, hiyo sita ni jina la biashara tu. Dada akachora matundu ya 5.1 kwa sababu leza nayo inakula mbao, kwenye mashine yetu ilikua inakula kama 0.2 hivi, kwa hiyo tundu la 5.1 likikatwa linakua 5.3. Stendi za mwanzo zikatoka vizuri mno, mama akaja kuziona akafurahi akaongeza oda.

Sa hapo ndo kasheshe. Dukani zile plaiwudi zimeisha, tukaenda duka lingine, tena wakatuuzia mili sita, bei ileile, hadi rangi inafanana, nikaweka venia ikasoma 5.9. Ya chini kabisa ilikua imelazwa kwenye sakafu ya saruji stoo huko karibu na ziwa, imenyonya unyevu, kingo zake 6.2 na katikati 5.9. Yaani bao moja lina unene wa aina mbili.

Mzee akasema kateni hivohivo mimi nitapita na tupa na msasa. Nikamwambia mzee wangu, hesabu kwanza hayo matundu. Akaangalia kwenye skrini, akanyamaza.

Kijana mmoja aliyekua amekuja kuchukua bango lake akasema si mvute mchoro mzima kwa asilimia tu, ukue kidogo. Ushauri huu nausikia mpaka leo na kila mara unanichosha. Kutoka 5.3 kwenda 5.9 ni kama asilimia 11, ukivuta mchoro mzima kweli matundu yanakua, ila na shelfu ya milimita 400 inakua 445, haiingii kwenye toyo lililopimwa, plaiwudi inaliwa zaidi, na kila kitu ambacho hakikua na shida sasa kina shida. Kinachotakiwa ni kujua mistari gani inafuata unene na mistari gani haina habari nao.

Yule dada akakaa akaipitia mmoja mmoja. Upana wa tundu la pembeni unafuata unene wa shelfu inayoingia, na hii ina maana kubwa kwa sababu ukichanganya shelfu za plaiwudi ya zamani na pembeni za plaiwudi mpya, kila tundu linatakiwa limwangalie mgeni anayeingia sio ubao ambao lipo. Mahali pa kijitundu cha kabari ni kinyume chake, panafuata unene wa ubao wa pembeni, maana kijitundu lazima kianzie ndani kidogo kabla ya uso wa nje wa ubao ili kabari ibane, kikianzia nje yake kabari inapita hewani haishiki kitu, kikizama ndani sana kabari haifiki. Na upana wa hicho kijitundu unafuata kabari yenyewe, ambayo nayo imekatwa kwenye plaiwudi ileile.

Kuna moja hata mimi sikua nimeifikiria. Vifuko vya mama vilikua vya sentimita 18 na yeye alitaka nafasi ya 19 kati ya shelfu na shelfu ili mteja aingize mkono. Ukilipanua tundu pande zote mbili sawa, kila shelfu inanenepa juu na chini, ile nafasi inapungua. Dada akaamua tundu la kila shelfu lipanuke kwenda chini tu, halafu ile tofauti akairudisha kwa kushusha shelfu ya kati na ya chini. Kitu cha nusu mili, watu wengine wangekiacha. Mi nampa heshima zake.

Kilichobaki ni namba yenyewe, 5.9 toa 0.2 ni 5.7, kwenye karatasi. Mzee ndo akaingilia. Akasema sisi ulimi hatuupimi kwa futi, tunauchukua ubao wenyewe tunauweka juu ya mwenzie tunachora, mbao inaipima mbao. Dada akamwangalia afu akacheka, akasema basi mzee ngoja. Akachora kipande kidogo kama kitana, kina matundu kuanzia 5.4 mpaka 6.0, kila moja namba yake pembeni, nikakata kwenye hiyo plaiwudi mpya. Tukampa mzee kipande kingine akawa anakiingiza. 5.6 kikataka nyundo ya mpira. 5.8 kikawa kinacheza. 5.7 kikaingia kwa kusukuma na kiganja, akakitikisa hakikutoka, akasema hii. Unene, leza inavyokula, mbao inavyojibana, vyote vimo kwenye jibu moja, hamna hesabu. Akakizungusha mkononi muda mrefu akauliza kwa nini hatukufanya hivi tangu asubuhi.

Kuanzia hapo dada akaufanya mchoro uwe na unene kama namba moja inayoandikwa sehemu moja, ukiibadilisha matundu na kabari na shelfu zote zinajipanga zenyewe. Ile plaiwudi yenye unyevu tulikata katikati tu, kingo zikaenda kwenye herufi za bango la yule mama.

Tuliandika kwa leza A kwenye vipande vyote vya 5.3 na B kwenye vya 5.9 kwa sababu tulijua vitachanganyika. Vikachanganyika. Siku ya pili ya maonesho mama akanipigia, kelele za spika nyuma, mwanangu stendi moja inacheza na nyingine haitaki kufunga kabisa. Nikamwambia mama shikamoo, angalia herufi pembeni, A na A, B na B. Akasema marahaba, herufi gani? Nikamwelekeza. Kimya kidogo, afu akasema aah, hizi, mmeandika za kusomwa na sisimizi, mimi na miwani yangu tumeachana Igombe.

Akampa kijana wake asome, zikafunga. Oda iliyofuata alitaka stendi za MDF, zile mbao za unga wa mbao uliobanwa, nikaandika herufi kubwa kama kidole gumba, na kitana nikakikata kabla hata sijamtajia bei.