Hadithi ya maneno 100 kamili: ninavyoipunguza hadi itoshe

Hadithi ya maneno 100, si 99 wala 101, ilianzia Uingereza miaka ya 1980 miongoni mwa mashabiki wa hadithi za kisayansi. Kichwa huwa nje ya hesabu. Ukiiandika kwa Kiswahili una nafasi kubwa kuliko unavyodhani, maana kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa: "hawakunisubiri" ni neno moja tu. Nafasi hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Wanajaza matukio.

Mimi nachukua tukio moja, mahali pamoja, watu wawili. Rasimu ya kwanza naiacha ifike maneno 130 au 140. Ikipita 160, najua limejipenyeza tukio la pili, na hilo nalitoa zima. Kuchopoa neno hapa na neno pale kutoka maneno 200 huacha hadithi isiyoshikamana.

Naanza kupunguza kwenye "ya", "wa", "cha" na wenzao, kwa kuwa kila kimoja kinahesabiwa. "Mke wake" inakuwa "mkewe", "mtoto wake" inakuwa "mwanawe". "Mtu ambaye alikuja" inabaki "aliyekuja", maneno mawili yameokolewa. "Kwa sababu" naigeuza "maana". Kwenye "akachukua panga halafu akatoka", "halafu" haina kazi. "-Ka-" imeshaonyesha mfuatano. Lakini ufupisho una mipaka. "Kalamuye" na "nyumbaye" zinanukia ushairi, na ukizitia kinywani mwa fundi gereji msomaji hamwamini tena. Katika mazungumzo namwacha mtu aseme "mke wangu" kama anavyosema, hesabu nailipia kwingine.

Nikipungukiwa, tuseme nimefika 98, siongezi "sana" wala "kabisa". Naongeza kitu kinachoonekana. "Mlango ukafunguka" ukiwa "mlango wa bati ukafunguka", umepata maneno mawili na msomaji ameijua nyumba.

Programu za kuandikia huhesabu kwa kufuata nafasi kati ya maneno. "Pole pole" zitakuwa mbili, "polepole" moja, na kamusi iko upande wa "polepole". Baadhi huhesabu hata kistari cha mazungumzo kilichoachiwa nafasi pande zote, kwa hiyo natumia alama za kunukuu.

Hesabu ya mwisho nafanya kwa mkono: nainakili hadithi katika mistari kumi, kila mmoja maneno kumi. Hapo hitilafu za umbo huonekana wazi. Mstari wa nne ukifika na hakuna aliyefanya lolote, utangulizi ni mrefu. Mstari wa kumi naufunika kwa kiganja, nasoma tisa iliyotangulia. Kama mwisho unaeleweka bila huo, ulikuwa ufafanuzi. Naufuta, na maneno yake kumi nayapeleka katikati, pale mhusika anapoamua.