Kanda Ipi, Mheshimiwa Waziri?

Kila taarifa ya habari inaposema kwamba waziri wetu wa mambo ya nje amekwenda ng'ambo kujadili "masuala ya kikanda", mjomba wangu, ambaye jioni hukaa barazani hapa Mikindani akibangua korosho za kula, huuliza swali lile lile: kanda ipi? Kwetu watu wa Mtwara na Lindi, kanda ni hii ya Kusini, na neno hilo likishaingia vinywani mwa wanadiplomasia huwa limetanuka hadi Kinshasa na Pretoria.

Zamani nilikuwa namcheka. Hata hivyo, tangu Oktoba 2017, wapiganaji walipoushambulia mji wa Mocímboa da Praia katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, jambo zito kuliko yote ya kikanda limekaa ng'ambo ya Mto Ruvuma, na Oktoba 2020 lilivuka mto likafika Kitaya, kijiji cha mkoa wetu huu.

Wapo wanaohoji kwa nini mambo ya Ruvuma yakazungumzwe Brussels au Paris, wakati Maputo ipo. Mimi safari hizo sizipingi. Baada ya mji wa Palma katika jimbo hilo kushambuliwa Machi 2021, kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa ilisimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi, karibu na mji huo. Umoja wa Ulaya ukaidhinisha euro milioni 20 kwa ajili ya kikosi cha Rwanda kilichopelekwa Cabo Delgado mwaka 2022, kisha kiasi kama hicho mwaka 2024, mwaka ule ule ambao kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kilichokuwa huko na askari wa Tanzania pia, kilihitimisha kazi yake. Ikiwa gharama za ulinzi wa jirani yetu zinapangwa huko, waziri asiyekwenda anawaachia wengine wauzungumzie mto wetu.

Kinachonikera ni matamko yanayotolewa baadaye, ambayo husema pande zote zimekubaliana kuimarisha ushirikiano katika ulinzi, uchumi na maendeleo (utadhani yote yameandikwa na karani mmoja), bila neno hata moja kuhusu kivuko chetu cha Ruvuma pale Kilambo. Daraja la Umoja la Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali sana na sisi wa pwani, kwa hiyo ulinzi unapokazwa huku chini, wa kwanza kukwama ni mama mwenye ndoo ya samaki na mtu anayekwenda kuzika. Waziri akiomba fedha za doria, aombe pia za kituo cha mpakani chenye watumishi wa kutosha, ili mtu mwema aandikishwe na kuruhusiwa kupita siku hiyo hiyo.

Mjomba alikuwa na dada aliyeolewa Palma. Alipofariki, habari zilikuja kwa simu, njia haikupitika, na tanga likawekwa hapa hapa barazani.