Kabla ya Kulala Nje

Ni nadra mtu kujikuta analala barabarani kwa ghafla. Kwa kawaida hutangulia kodi iliyolimbikizwa, ajira iliyokatika, ugonjwa uliomaliza akiba au ndoa iliyovunjwa na kipigo. Kisha hufuata miezi ya kuhamahama, leo kwa ndugu, kesho kwa rafiki, hadi wenyeji wanapochoka. Ulevi, ambao wengi wetu hukimbilia kuutaja, mara nyingi huja baadaye, ingawa sikatai kwamba wapo walioanzia hapo.

Mzee mmoja niliyezoea kumsalimia alihifadhi vyeti vyake katika mfuko wa plastiki, akiulalia kama mto. Sikuelewa mpaka aliponieleza kwamba bila kitambulisho hapati kazi, na bila anwani hapati kitambulisho kipya. Blanketi humsitiri mtu usiku mmoja, ilhali jirani anayekubali anwani yake itumike, au anayemsindikiza ofisini na kukaa naye kwenye foleni, humsogeza karibu na chumba chake mwenyewe. Ufini, tangu mwaka 2008, imekuwa ikitanguliza nyumba yenye mkataba wa upangaji, pasipo kudai kwamba mtu aache pombe kwanza, na idadi ya wasio na makazi ilipungua kwa miaka mingi.