Jina limetoka kwenye orodha, mtu yuko wapi? Jumatatu yangu Louisville

Saa 12:30 asubuhi

Jumatatu huanza na sauti za WhatsApp. Jela ya jiji hapa Louisville, Kentucky, hupokea watu wikiendi nzima, na ndugu zao wanakesha na simu mkononi, wakiangalia majina kwenye orodha ya jela iliyoko mtandaoni. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, nafanya kazi na chama kidogo cha wakimbizi: nakalimani, najaza fomu, na sehemu kubwa ya muda natafuta watu walioingia au kutoka jela. Wakongomani wa Fizi na Uvira ni wengi mjini, na wengi wao wamepitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko kwetu Kigoma, kwa hiyo nikifungua mdomo tu hatuhitaji utangulizi mrefu.

Ujumbe wa kwanza: "Mwanangu, jana jina lake lilikuwepo. Leo halipo. Simu imezimwa na nyumbani hajafika." Namjibu, "Shikamoo mama, nitamtafuta, usimlipe mtu yeyote kwanza."

Hilo la kulipa nalisema kila mara. Ukiandika jina la mtu na neno jela kwenye intaneti, zinazotangulia ni tovuti za biashara: picha ya uso, "ripoti kamili" kwa dola kadhaa, na habari za mwaka juzi. Rekodi yenyewe ni ya umma na kuiangalia ni bure, ila imekaa chini ya hizo tovuti zote.

Saa 2:00

Ofisini. Kazi ya kwanza ni jina. Mkimbizi aliyeandikishwa kambini akiwa na majina matatu anaweza kufika Marekani jina la baba likiwa mwanzo, jina la ubatizo katikati, na lile analoitwa nyumbani halipo kabisa. Askari naye anaandika anachokiona kwenye kitambulisho. Kwa hiyo natafuta kwa kila jina kama la ukoo, kisha kwa herufi chache za mwanzo tu. Tarehe ya kuzaliwa nayo haisaidii sana: wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari, ukichuja kwa tarehe wanabaki kundi. Nikipata namba aliyopewa wakati wa kuandikishwa jela, nashukuru, maana hiyo haina lafudhi.

Orodha ya jela huonyesha walio ndani. Jina likitoka, watu hudhani mtu ameachiwa. Huenda ameachiwa kweli. Huenda pia amekabidhiwa kaunti nyingine inayomdai, au serikali ya shirikisho, au amehamishwa kwenda kutumikia kifungo. Kentucky ina kaunti 120, ndilo jimbo pekee Marekani ambako wananchi wanapiga kura kumchagua mkuu wa jela, na wafungwa wengi wa jimbo hawapelekwi magereza makubwa bali hukaa kwenye jela za kaunti. Mtu wa Louisville anaweza kutumikia kifungo chake kaunti ambayo mama yake hajawahi hata kuisikia. Kwa hao natazama orodha ya idara ya magereza ya jimbo. Kijana wetu hayumo.

Saa 3:30

Anaingia dada mmoja na mtoto mgongoni. Mume wake alikamatwa juzi kwa kumpiga. Hataki kujua yuko chumba gani wala anakula nini. Anataka kujua saa atakayotoka.

Kwa hili mji wetu una historia yake. Mwezi Desemba 1993 msichana aliyeitwa Mary Byron aliuawa hapa Louisville siku aliyotimiza miaka 21. Muuaji alikuwa mpenzi wake wa zamani, aliyekuwa ameshtakiwa kwa kumbaka na kumteka. Alitoka kwa dhamana na hakuna aliyempigia simu Mary wala wazazi wake. Mwaka uliofuata kaunti ikaanzisha mfumo wa kompyuta wa kuwapigia simu waathirika pale mtu anapotoka. Unaitwa VINE, na leo unatumika karibu Marekani nzima.

Nakaa na dada tunajiandikisha. Anachagua namba ya siri yenye tarakimu nne. Namweleza kwamba mume hataambiwa nani amejiandikisha, kwamba simu inaweza kuja saa nane usiku, na kwamba itarudia kupiga mpaka aingize ile namba au muda wake uishe. Tunafanya mazoezi: nasema kama mashine, kwa Kiingereza, naye anabonyeza. Anacheka kidogo.

Kisha namwambia lile ambalo simu haiwezi kumfanyia. Taarifa si ulinzi. Kwa ulinzi anahitaji amri ya dharura ya mahakama, na hiyo tunaiombea leo leo.

Saa 5:00

Jengo la mahakama kwenye mtaa wa West Jefferson. Dada anapelekwa kwa karani wa maombi ya ulinzi pamoja na mwenzangu, mimi nakwenda dirisha la majalada ya jinai.

Naamini ukitaka kujua mtu ametokaje jela, muulize karani wa mahakama kabla ya askari wa jela. Jela inajua mlango ulifunguka lini. Mahakama inajua nani aliagiza ufunguliwe na kwa masharti gani: kwa ahadi tu ya kurudi, kwa fedha taslimu yote, au kwa asilimia 10 ya dhamana. Namba ya shauri nayo inasema mengi. Baada ya mwaka kuna herufi: T ni trafiki, M ni kosa dogo, F ni kosa kubwa ambalo bado liko mahakama ya wilaya, CR ni kosa kubwa lililokwishapanda mahakama ya juu. Na kitu kimoja wageni hawakitegemei: hapa hakuna madalali wa dhamana, wale wanaokudhamini kwa ada, kama majimbo mengine. Kentucky ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1976. Anayekuomba "ada ya kumtoa ndugu yako" kwa simu ni tapeli, mkatie.

Jalada la kijana lina herufi T. Hakimu alimwachia kwa ahadi jana mchana. Chini yake kuna mstari: kaunti ya Warren inamtaka kwa hati ya kutofika mahakamani. Ndiyo Bowling Green, saa mbili kwa gari kusini kwa barabara ya I-65, ambako aliwahi kuishi. Nafungua orodha ya jela ya huko kwenye simu. Yupo, majina yamegeuzwa.

Nampigia mama. "Mama, yuko hai, yuko Bowling Green." Kimya, halafu, "Bowling Green anafanya nini?"

Saa 7:00 mchana

Wali na sombe ya jana. Naacha simu ofisini.

Saa 8:00

Kaka mmoja amenyimwa nyumba ya kupanga. Alikamatwa miaka miwili iliyopita, akalala jela usiku mmoja, mashtaka yakafutwa moja kwa moja. Ripoti aliyoipata mwenye nyumba bado inaonyesha kukamatwa, haionyeshi kufutwa.

Hapa ndipo uwazi unaponichosha. Kuingia jela kunaandikwa saa ile ile na kusambaa. Kufutiwa mashtaka kunabaki kwenye jalada. Hata takwimu zilizo nyuma ya VINE sasa zinauzwa kwa waajiri wanaochunguza watu: kampuni iliyozikusanya ilinunuliwa mwaka 2021 na Equifax, kampuni kubwa ya taarifa za mikopo ya watu. Tunaandika barua ya pingamizi kwa kampuni iliyompa mwenye nyumba ile ripoti, ambayo kwa sheria ya shirikisho ina siku 30 za kuchunguza. Tovuti ikimwomba fedha ili iondoe picha yake, sheria ya Kentucky ya 2016 inakataza.

Tangu mwaka 2020, hapa Kentucky mashtaka yakifutwa kabisa rekodi hufutwa yenyewe baada ya siku 30. Habari njema, yenye mtego. Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama rekodi imefutwa, na afisa wa uhamiaji atataka karatasi ya mahakama yenye muhuri. Ikishafutwa, kuipata ni shida. Kwa hiyo kila anayefutiwa namwambia: chukua nakala yenye muhuri siku hiyo hiyo, weka pamoja na vyeti vya watoto. Kaka anayo. Mke wake ndiye aliyesisitiza.

Saa 9:40

Simu ya mzee wa kanisa: anataka nimwangalizie kijana anayemposa binti yake. Namheshimu sana mzee, lakini nakataa. Orodha ni ya wote, atazame mwenyewe akitaka. Nikianza kuchungulia wachumba, kesho hakuna atakayeniambia jina la mwanawe.

Saa 10:15

Familia nyingine, jina limetoka na hakuna kaunti inayomdai. Naangalia orodha ya idara ya uhamiaji. Inataka namba ya A, ile mgeni anayopewa na uhamiaji, na nchi ya kuzaliwa. Ndugu wanajaza Kongo, haitoki kitu. Nauliza alizaliwa wapi hasa. Nyarugusu. Basi nchi ya kuzaliwa ni Tanzania, ingawa hajawahi kuwa Mtanzania hata siku moja. Nabadilisha, jina linatokea.

Jela ya kaunti ikiwa imemhifadhi mtu kwa niaba ya uhamiaji, kanuni ya shirikisho inaizuia kutoa habari zake, kwa hiyo kupigia dirisha la jela ni kupoteza mchana. Wanahitaji wakili. Nawapa namba na ninapiga nikiwa nao.

Saa 11:30 jioni

La mwisho ni barua ya maombi ya rekodi, kwa mtu anayehitaji uthibitisho wa tarehe alizoingia na kutoka miaka mingi nyuma. Sheria inaipa ofisi siku tano za kazi kujibu, na mwombaji awe mkazi wa Kentucky. Naandika jina kwa kila namna lilivyowahi kuandikwa, mwaka, na ninachotaka: tarehe ya kuingia, ya kutoka, na aliyetoa amri. Siombi "kila kitu mlicho nacho", kwa sababu barua ya namna hiyo hurudishwa ikiwa na maswali. Naituma, nafunga kompyuta. Mama anataka kuondoka kesho alfajiri kwenda Bowling Green, na gari lake halina bima.