Chakula cha Idi kila siku

Juzi tumetoka hospitali kumwona mdogo wetu mmoja wa hapahapa Leicester, Uingereza, sukari ilimpanda mpaka akaanguka kazini, na hakuwahi kujua kama anayo. Ana miaka 36. Tumemzunguka kitandani wanawake wa Tanga, Pemba, Mombasa, na kila mmoja kaja na kontena lake, huyu pilau, huyu sambusa, mwingine chupa kubwa ya juisi ya embe. Nesi akapita akaitazama ile meza, hakusema kitu. Na mi mwenyewe mkononi nilikuwa na chapati nne kwenye foili, bado za moto. Nilizirudisha kwenye mkoba taratibu na njia nzima ya kurudi nyumbani kwenye basi nilikuwa nazinusa nalia.

Sio kwamba hatuna akili. Ni mapenzi. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na mgeni akikataa chakula umeshajiuliza umemkosea nini. Ndo maana naona yale makaratasi ya kliniki yanayosema kula hiki acha kile hayatufikii, yanamsemesha mtu mmoja kama vile anakula peke yake chumbani, wakati sisi sahani ya mtu ina mikono ya watu wengi ndani yake.

Mi nimekulia Korogwe. Nyumbani wali ulikuwa Ijumaa, pilau Idi na harusini, na soda ni mpaka aje mgeni, tena anapewa mgeni, wewe mtoto unakaa mlangoni unaiangalia ile chupa kama atabakisha. Siku za kawaida ni ugali wa dona au bada, kisamvu, mchunga ule mchungu wenyewe, dagaa, maharage, mbaazi. Ugali ulikuwa mlima nisiwadanganye, lakini mama aliyekuwa anaukata ule mlima katoka shamba kwa miguu na jembe, akarudi na mzigo wa kuni kichwani, mwili ulikuwa unakitumia kile chakula.

Nikaja huku mwaka 2012 nikakuta mambo yamegeuka juu chini. Kuku mzima dukani bei yake unaweza kukosa nayo pakiti ya dagaa, soda za lita mbili ziko ofa kila wiki, mchele unauzwa kwa gunia. Na ukitaka mchicha wa kweli upande basi uvuke mji. Kwahiyo bila hata kukaa chini kuamua, kile cha Idi kikawa cha Jumatatu, cha Jumanne, cha kila siku, na moyoni unaona umefanikiwa, manake si ndo tulichokuwa tunakitamani pale mlangoni? Unapiga picha unatuma nyumbani, wanafurahi. Alafu kazi yenyewe ni kulea wazee, shifti ya usiku ya masaa 12, chumba cha wafanyakazi hakikosi makopo ya chokoleti na biskuti ambazo familia za wazee zinaleta kushukuru, saa tisa usiku usingizi unakushika unakula ili usisinzie, asubuhi unafika nyumbani unapasha wali kwenye maikrowevu, unakula, unalala hapohapo na tumbo limejaa.

Hapa England ukiwa na miaka kati ya 40 na 74 na huna ugonjwa wa moyo wala sukari unaojulikana, NHS, huduma ya afya ya serikali, wanakuita kwa barua bure kila miaka mitano kupimwa presha, mafuta kwenye damu, na wanaangalia hatari ya sukari. Barua yangu ilipokuja niliiweka juu ya friji. Ikakaa miezi minne. Ukiniuliza kwanini, ntakwambia ukweli: kwetu kwenda kupima huku huumwi popote ni kujitafutia ugonjwa, hospitali mtu anapelekwa, haendi. Na niliogopa jibu.

Nilipoenda ikaonekana sukari yangu ipo 44. Kile kipimo cha HbA1c kinasoma wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu nyuma, ukifika 48 unahesabiwa una kisukari, kuanzia 42 mpaka 47 uko mlangoni. Nesi, dada wa Kijamaika mtu mzima hivi, akachukua uzi. Akanipima urefu wangu wote kwa ule uzi, akaukunja katikati, akasema huu ndo mwisho wa kiuno chako, uzungushe. Haukufika. Ulibaki mwanya wa kiganja kizima hapa mbele ya kitovu. Aisee namba zote alizonitajia siku ile nimezisahau isipokuwa ile 44, ila ule mwanya naukumbuka mpaka leo. Jaribuni wenyewe nyumbani, hauhitaji mashine wala daktari.

Na kitu ambacho naomba wadogo zangu mkishike: kwa mzungu hatari ya kisukari cha ukubwani wanaanza kuihesabu kuanzia miaka 40, ila sisi wenye asili ya Afrika na wenzetu Wahindi ni kuanzia 25. Hata uzito hawatuhesabii sawa, ile namba ya uzito kwa urefu wanayoiita BMI, mzungu anaambiwa amezidi akifika 25, sisi 23. Sasa hatari inaanza miaka 25, barua inakuja ukiwa na miaka 40. Umeona hilo pengo? Mdogo wetu aliyeanguka yuko ndani yake kabisa, barua yake ilikuwa haijafika na isingefika kwa miaka minne. Kwahiyo usisubiri kuitwa, nenda kwa GP wako, yule daktari wa mtaani ulikojiandikisha, ukaombe mwenyewe, sema nyumbani kwetu kuna sukari, na kama hujui kama ipo mpigie mama umuulize.

Nikajiunga na yale mafunzo ya NHS ya kuzuia kisukari, ni ya miezi 9, yako kwa vikundi. Mwalimu alikuwa mtu mzuri sana ila picha zake zote ni mkate, tambi, viazi. Nikamuuliza ugali. Hakuujua. Basi kikao kilichofuata nikabeba ugali kwenye kontena nikauweka mezani, tukaupima kwenye mizani na wenzangu, ndo nikagundua ile sehemu niliyokuwa naiita ndogo ilikuwa chakula cha watu watatu. Sasa naukata kama ngumi yangu, nusu ya sahani ni mboga, na nimeacha sembe nimerudi kwenye dona, manake sembe inakobolewa makapi na kiini vyote vinatolewa, unabaki na wanga mtupu.

Nilipungua kilo 9. Na hapo ndo shida yenyewe ikaanza.

Kwenye harusi mtu ananishika mkono, "mbona umekonda hivyo, una nini?" Mama kwenye simu ya video akawa analia kabisa, mwanangu wanakutesa huko, hebu sogea kwenye mwanga nikuone. Shangazi akamwambia aniulize kama nimepima. Mnajua kupima gani. Wale wenye umri wangu mnaikumbuka miaka ya tisini, Uganda Ukimwi waliuita Slim, yaani mwembamba, kwetu mtu akianza kukonda majirani wanaanza kuhesabu siku. Tumelelewa na huo woga, kwahiyo mtu akikuambia umenenepa anakupongeza, anakuambia uko hai, una hela, mumeo anakutunza. Huwezi kuuondoa woga wa aina hiyo kwa kipeperushi. Mimi niliumia lakini sikumlaumu mama, niliongea naye siku nyingi kidogokidogo, nikamwonyesha ile namba imeshuka mpaka 40, nikamwambia mama babu alikatwa mguu kwa hii kitu. Akanyamaza. Alafu akasema, kwani ile ilikuwa sukari? Walituambia karogwa.

Aliyenisaidia kupata mboga ni mzee mmoja Mhindi mwenye duka huku Belgrave Road, kazaliwa Kampala, kafukuzwa na Amin mwaka 1972 akiwa kijana, na Kiswahili chake bado anacho. Ananiwekea mchicha, kisamvu cha friza, mbaazi. Ye mwenyewe anajichoma insulini, na siku moja akaniambia mama, sisi tulikuja huku na samli yetu na mithai yetu, tukaacha miguu yetu Afrika. Yaani wenzetu wametutangulia miaka 40 kwenye barabara hiihii tunayopita.

Sasa nije kwenye futari manake ndo pameleta mabadiliko kuliko kliniki zote. Tuna kikundi cha kina mama, Ramadhani kila Jumamosi tunafuturu kwa mmoja wetu. Mwaka jana nikaomba zamu ya kwanza. Nikapika mihogo na magimbi ya nazi nyepesi, mbaazi, samaki wa kuchoma badala ya kukaanga, uji wa pilipili manga sukari kidogo, matunda, na soda nikaziondoa kabisa. Kopo moja la Coca-Cola ya kawaida, mililita 330, lina sukari gramu 35, na hapa mtu mzima anashauriwa asivuke gramu 30 kwa siku nzima. Niliweka ukwaju na maji. Dada yetu mkubwa, ambaye bila yeye hakuna kinachofanyika kwenye kikundi, akatazama akasema futari bila kaimati ni futari gani? Ugomvi kidogo pale. Tukakubaliana kaimati ziwepo, mbilimbili, shira inakaa pembeni kwenye bakuli. Jumamosi iliyofuata aliyepika naye hakuweka soda, bila kuambiwa na mtu. Ya tatu hivyohivyo. Peke yangu nilikuwa mgonjwa anayechagua chakula, tulipokuwa kumi ikawa ndo mapishi yetu.

Watoto bado napambana, wa kwangu mdogo alirudi na chapati yake haijaguswa kisa wenzake walisema inanuka, na hilo linataka siku yake. Na vitamini D msisahau, ngozi zetu hizi na jua la huku, wanashauri mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima.

Jana usiku dada mkubwa kanitumia picha kwenye WhatsApp, bila maneno. Barua yake ya kupima, imekunjwa kunjwa, ya mwezi wa pili. Nimempigia hapohapo, tumepata nafasi Jumatano saa nne asubuhi, naenda naye. Kaniuliza afunge tangu usiku ili jibu liwe zuri, nimemwambia dada hicho kipimo kinasoma miezi, njaa ya usiku mmoja haikidanganyi, kunywa uji wako uje.