Mzee Aliyemkatalia Mfalme

Wapendwa, Bwana asifiwe. Juma hili nimekaa na 2 Samweli 19, kisa cha Barzilai. Ana miaka 80. Ndiye aliyemlisha Daudi kule Mahanaimu alipokuwa mkimbizi, na sasa mfalme anarudi Yerusalemu, anataka kumlipa wema wake: twende wote, nitakutunza. Barzilai anakataa. Chakula hakina ladha tena, nyimbo hazisikii vizuri. Anaomba arudi afie mjini kwake, penye kaburi la baba na mama yake.

Na Daudi? Ana watu, ana mamlaka, tena ana nia njema. Hamlazimishi. Anambusu mzee, anambariki, anamwacha arudi kwake.

Nimeisoma sura hii huku shangazi yetu akiwa moyoni mwangu. Saratani yake imeshafika kwenye mifupa. Daktari alisema wazi kwamba kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, haitaiondoa. Huenda ikaipunguza kasi kwa muda, na itamchosha. Tangu siku hiyo sisi na watoto wake tumebishana sebuleni kwa minong'ono. Huyu anasema tukiacha dawa tumekosa imani, yule anasema tusimtese. Mwenye mwili yuko chumba cha pili, mlango umerudishiwa, na hakuna aliyemuuliza. Mimi ndiye niliyeshikilia kwamba asiambiwe, atakata tamaa. Najutia hilo.

Kukataa kemo si kumkana Mungu, wala si kukataa kutibiwa. Tulipomrudia daktari alitueleza habari ya huduma shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mgonjwa mateso: mofini, dawa ya maumivu makali, kwa kipimo, kwa saa zake, bila kungoja maumivu yarudi, mionzi, pengine mara moja tu, kutuliza mfupa unaouma, na muuguzi wa kututembelea nyumbani. Tuliiogopa mofini kama hukumu ya kifo. Sivyo ilivyo. Ikipimwa vizuri mgonjwa hupata usingizi, na asubuhi anaweza kuomba pamoja nanyi.

Jana jioni tuliingia wote, tukamuuliza anataka nini. Alinyamaza kitambo. Halafu, kabla ya kusema lolote kuhusu dawa, akauliza yeye: "Nikiikataa, mtaendelea kuja?"

Zaburi 71:9 naijua tangu utotoni: "Usinitupe wakati wa uzee." Sikuwahi kuisikia kwa sauti ya mtu wangu.

Dada yangu alivua viatu, akapanda kitandani, akajilaza kando yake.